Jiwe la Mama Liko Rulenge

Jumanne, 8 Julai 2025. Mabawe.

Daftari jipya. La zamani mke wangu Nice aliwashia moto, anasema alidhani ni la hesabu za watoto wakati wanasoma. Sawa. Mipango mikubwa huanza na karatasi safi.

Hali ilivyo. Mama yuko Rulenge kwa dada yangu Speciosa tangu Novemba. Alikwenda kutibiwa jicho hospitalini. Wiki tatu, tukaambiwa. Sasa ni miezi minane. Mimi Philbert ndiye kitinda mimba, nyumba ya wazazi ninaishi mimi, na mama hukaa kwa kitinda mimba. Hilo halina mjadala. Nikitoka kanisani watu wananiuliza mama atarudi lini. Nasema wiki ijayo. Nimeshasema wiki ijayo mara thelathini.

Na jambo jingine, naliandika hapa kwa sababu hapa hapana wa kusoma. Nyumba imepoa. Asubuhi naamka mwenyewe, hakuna anayenikaripia. Sikujua kama kukaripiwa ni kitu mtu anaweza kukikosa.

Siku anaondoka, akiwa tayari ndani ya gari, Mama alisema atarudi lilipo jiwe lake la kusagia. Ni urusyo, lile jiwe la chini lenye shimo, alilokuja nalo kichwani siku ya harusi kutoka kwao Bugarama. Mapajani alikuwa na mzigo umefungwa kwa kitenge, mafundo mawili. Nilipomsaidia kuupandisha ulikuwa mzito. Nikaelewa kila kitu. Jiwe linakwenda Rulenge, basi na Mama atabaki Rulenge. Speciosa alikuwa amenizidi akili.

Kwa miezi minne tu. Mwezi wa tatu nilikwenda Rulenge mchana, wenyewe wakiwa kwenye maombi ya Kwaresima, nikalikuta jiwe nyuma ya jiko, nikalitia kwenye gunia, nikaondoka. Jioni Speciosa akapiga simu, akasema wezi siku hizi wanaiba hadi mawe. Nikampa pole. Jiwe liko mvunguni mwa kitanda changu. Nice nimemwambia linazuia kitanda kisicheze. Alinitazama, akasema mtaka cha mvunguni sharti ainame, akaenda kupalilia.

Lakini Mama hajarudi. Jiwe liko kwangu na yeye hajarudi! Nimewaza hadi kichwa kinauma. Jawabu ni moja: hajui kwamba liko huku. Lazima aambiwe, na anayemwambia asiwe mimi, maana ataniuliza lilifikaje. Awe mtaalamu. Mwenye karatasi.

Jumatano, 9 Julai

Mungu anajibu. Leo amefika mpangaji wa chumba cha uani, siku kumi. Anaitwa Diana Maduhu. Wazazi wake ni Wasukuma waliohamia Biharamulo na ng'ombe wao kutoka Shinyanga, yeye kasoma hadi chuo kikuu. Kazi yake ni mawe. Anazunguka vilima vyetu na nyundo, anachora ramani ya jiwe lipi lilikuwa nini. Amenipa shikamoo ya kupiga goti kabisa. Nikampenda.

Kabla hajaweka begi chini alikwishainama penye ukuta wa jiko, kwenye lile jiwe bapa ninalonolea panga. Akatoa kioo chake cha kukuzia, kinaning'inia shingoni kama rozari. Akasema hilo zamani lilikuwa mchanga, na ni la upande wa Bugarama, akauliza kama anaweza kuligeuza aone chini, maana jiwe husomwa pande zote. Nikamwambia hilo ni la panga, asipoteze muda. Nikamkaribisha ndani, nikaburuta jiwe la mvunguni, nikamwomba aniandikie barua yenye muhuri kwamba hili ni jiwe la mama yangu kutoka Bugarama.

Akasema barua huja mwisho. Akalimwagia maji, akalala kifudifudi sakafuni, akalitazama kwa kioo dakika kumi. Kisha akanifundisha, na nimeandika yote kwa kuwa nitayahitaji.

Vilima vyetu ni vya miamba geu. Kila jiwe hapa zamani lilikuwa kitu kingine. Lilizikwa chini sana, likapata joto na uzito wa milima juu yake, likabadilika bila kuyeyuka. Kazi ya mjiolojia ni kujua lilikotoka. Lililokuwa tope hujaa ulanga unaometameta na hupasuka kwa kurasa. Lililokuwa mchanga, punje zake hushonana, na ukilipiga nyundo ufa unapita katikati ya punje badala ya kuzizunguka, ndiyo maana ni gumu vile. Lililokuwa chokaa huwa marumaru, ukilidondoshea tindikali linatoa povu. Na lililokuwa granaiti, yaani uji wa moto uliopoa chini ya ardhi, hujipanga mistari myeupe na myeusi yenye madoa ya pinki.

La mvunguni lina mistari. Na lina madoa ya pinki.

Diana akasema kwa upole kwamba huko Bugarama alikopita hajaona kitu cha namna hii, kumejaa tope na mchanga wa kale. Hili analijua. Kwao Biharamulo waliyachezea utotoni, na bibi wa huko waliyasagia.

Biharamulo ni kwao Venance, mume wa Speciosa. Mama yake Venance anaishi nao Rulenge. Ni mwanamke ambaye hata mbwa wa watu hawambwekei.

Nimeiba jiwe la mama mkwe wa dada yangu. Kwa miezi minne nimelala juu yake.

Alhamisi, 10 Julai

Sikati tamaa. Kukata tamaa ni kwa watu wasio na daftari.

Mpango mpya. Jiwe halisi bado liko Rulenge, Speciosa amelificha vizuri zaidi. Nitakwenda, nitalirudisha la bibi huyo, mama yake Venance, nitachukua la Mama. Lakini safari hii nitaacha jingine linalofanana mahali pake, wasipige kelele za wezi. Linatakiwa jiwe la Bugarama, bapa, lenye shimo.

Lipo moja ukutani kwa jiko. Lile la panga. Diana mwenyewe alisema zamani lilikuwa mchanga. Nikawaza, mchanga nini bwana, mtoto anauchimba kwa kijiko. Nikachukua patasi na nyundo, nikaanza kuchonga shimo hapo juu.

Pigo la kwanza, cheche. La tano, ncha ya patasi ikaruka hadi kwenye migomba. Jiwe lina mkwaruzo mweupe mdogo, kama alama ya ukucha. Nice alitoka jikoni, akalitazama jiwe, akanitazama mimi, akafungua mdomo. Nikamwambia asiniulize, ni mambo makubwa. Akafunga mdomo.

Jioni nilimwambia Diana kwamba mchanga wake ni mwongo. Akacheka mpaka akakaa chini.

Ijumaa, 11 Julai

Kosa langu jana lilikuwa kuchagua mchanga. Leo nimechagua tope. Nimeleta bamba la jiwe kutoka kwenye kipande cha barabara kilichochimbwa, linametameta vizuri, jua likilipiga utadhani fedha. Kisu tu kilitosha. Saa moja, shimo safi kabisa, hata Mama angesifu.

Nikasaga kiganja cha mtama nijaribu. Unga ukatoka wa kijivu, unang'aa. Kuku aliuonja, akaondoka.

Ni laini mno. Lakini nimesoma daftari langu mwenyewe, ukurasa wa Jumatano: joto na uzito. Jiwe laini hugeuka gumu kwa joto na uzito. Jirani yangu Mashimba anapanga tanuri la matofali, kesho anawasha. Joto lipo. Matofali elfu nane juu yake, uzito upo. Wanasayansi wanakwenda mbali kutafuta mambo yaliyo nyuma ya choo.

Nimemsaidia Mashimba kupanga hadi jua likazama. Akashangaa wema wangu. Jiwe liko safu ya tatu kutoka chini.

Jumamosi, 12 Julai

Tanuri limewashwa asubuhi. Saa saba likasikika pa! Kisha pa, pa. Mashimba akasimama. Nikamwambia labda ni mafundo ya kuni. Akasema amechoma matofali miaka kumi na miwili na hajasikia kuni ikilia hivyo. Nikakumbuka nina kazi shambani.

Jumanne, 15 Julai

Tanuri limefunguliwa. Jiwe langu limegeuka, nalikiri hilo. Limegeuka kurasa. Kama hamsini hivi, nyekundu zote, unaweza kuzihesabu kama za misale. Limevunja na matofali ya jirani kiasi. Nimemwahidi Mashimba siku tatu za kukanda udongo, naye amekubali bila kutabasamu.

Diana alikuja kuona. Akaokota ukurasa mmoja, akasema maji yaliyokuwa ndani ya jiwe yaligeuka mvuke yakakosa pa kutokea. Akasema wazo si baya, kilichokosekana ni kilometa kadhaa za kwenda chini na miaka milioni nyingi. Miamba yetu ina umri unaozidi miaka bilioni moja. Nikamuuliza, je, mtu mwenye haraka? Akasema mtu mwenye haraka huwa anatengeneza tofali.

Nice akasema mimi mwenyewe nimepikwa miaka hamsini na tatu na bado ni udongo. Mbele ya mgeni.

Basi nakwenda Rulenge bila mbadala. Lakini si mikono mitupu. Kioo cha Diana kiliachwa juu ya meza wakati anaoga. Nimekiazima bila kumsumbua. Safari hii sichukui jiwe kwa sura yake, nachukua kwa asili yake. Mistari na pinki, hapana. Kurasa, hapana. Punje zilizoshonana, gunia.

Alhamisi, 17 Julai. Rulenge.

Naandika haya nimekaa kwenye kochi la Speciosa, nimepewa chai. Nitaeleza.

Nilifika saa nne asubuhi kwa bodaboda, jiwe la bibi ndani ya gunia, mihogo juu yake. Speciosa alikuwa kazini, anashona sare za shule. Venance safarini. Bibi alikuwa msibani, na Mama nilidhani wamefuatana. Nilipitia migombani. Nikalirudisha jiwe la bibi nyuma ya jiko, pale pale, nikalipangusa hata vumbi. Huo ni uungwana.

Kisha nikaanza kutafuta la Mama. Jiwe la kufulia: mistari, pinki. La kuzuia mlango wa banda la mbuzi: kurasa. Nikaingia jikoni. Moto ulikuwa umezimika, yamebaki mafiga matatu, na moja lilikuwa bapa upande mmoja. Speciosa angeweza. Kuficha jiwe la mama kama figa, chini ya masizi, nani angefikiri? Nikapiga magoti. Nikaweka kioo jichoni, uso ndani ya majivu.

Nikasikia nyuma yangu sauti ikiuliza Philbert anatafuta nini kwenye mafiga.

Nilitulia kabisa. Mama jicho lake ni bovu, nikiwa kimya ataniona kama gunia. Akasema magoti yangu yanalia kama ya marehemu baba yangu, na kwamba jicho lilipona tangu mwezi wa kwanza. Akasema hata shikamoo sijampa.

Nikampa. Nikiwa bado nimepiga magoti, ikafaa.

Sitaki kuandika yaliyofuata lakini nitayaandika. Mama alisema mwezi wa tatu pia aliniona. Hakwenda kwenye maombi, alibaki chumbani. Aliniona dirishani nikiingia, akafurahi, akasema mwana wanje, mwanangu, amekuja kunichukua. Akavaa kitenge cha safari. Akafunga mzigo wake, akakaa kitandani, akangoja niingie. Akaniona napita mbele ya dirisha na jiwe la bibi begani, naelekea barabarani. Akafungua mzigo. Kwa Speciosa hakusema, kwa aibu yangu.

Nilimuuliza kwa nini basi hakurudi lilipo jiwe lake. Akaniuliza jiwe lake liko wapi. Nikasema ndilo ninalotafuta. Akakaa kwenye kigoda, akacheka, kisha akaacha kucheka. Jiwe lake liko Mabawe, akasema. Halijatoka Mabawe tangu siku ya harusi. Aliliacha ukutani kwa jiko, amelifunika kifudifudi, kama mwanamke anavyofunika jiwe lake akisafiri ili mwingine asilisagie. Alisema atarudi lilipo jiwe lake. Akangoja mtu wa kumrudisha.

Nililia. Majivu ya mafiga yalichangia, lakini nililia.

Ijumaa, 18 Julai. Mabawe.

Mama yuko nyumbani!

Speciosa hakubisha hata kidogo. Alisema kila mwisho wa mwezi alikuwa akitegemea nipige simu kuuliza nimchukue lini, akadhani nimemkataa mama yetu. Miezi minane kanichukia kwa kosa ambalo sikulifanya. Nimemsamehe. Yeye akanipa mkungu wa ndizi.

Mama hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja ukutani kwa jiko, akaagiza jiwe lifunuliwe. Mimi na Diana tukaligeuza. Chini yake shimo, laini, linang'aa, na unga kidogo wa Novemba kwenye pembe. Diana akaomba kioo chake, ambacho kwa bahati nilikuwa nimekitunza mfukoni. Alisema amekitafuta tangu Jumanne, akamsumbua hadi Mashimba. Kisha akasahau hasira, akatuonyesha ubavuni mikunjo midogo midogo, ile ile unayoiona kwenye mchanga wa kijito maji yakipita. Akasema hayo ni maji ya siku moja, zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita. Jiwe limezikwa, limepikwa, limebebwa kichwani, na bado linasema lilikotoka. Mama akasema ego, ndiyo, kwao kijito kipo.

Mama alipapasa upande wa pili, akafika kwenye mkwaruzo. Akauliza ni nani ameligonga jiwe lake mgongoni. Nikasema kuku.

Nilimuuliza Nice kama alijua lilikuwa jiwe la Mama. Alijua. Wanawake wote wa mtaa wanajua, ndiyo maana hulizunguka wakipita, ni mimi peke yangu nanolea panga. Kwa nini hakusema? Kasema siku ile ya patasi alitaka kusema nikamwambia ni mambo makubwa.

Kesho asubuhi, kabla ya jogoo kumaliza, najua nitakaripiwa kwa kulala hadi saa kumi na mbili na nusu. Leo nimekaripiwa kwa bodaboda kuja polepole. Nimefurahi sana.

Jumapili, 20 Julai

Diana ameondoka jana. Ameniachia ukurasa mmoja wa jiwe langu la tanuri, ameandika juu yake kwa wino: asili, tope, aliyeligeuza, Philbert. Nimeuweka kabatini.

Leo baada ya misa Mama alitaka kusaga ulezi. Jiwe la chini lipo. Jiwe dogo la juu, lile la kushika mkononi, halipo. Nikakumbuka mzigo wa kitenge, mafundo mawili. Kumbe ndilo lililokuwa zito.

Liko wapi? Rulenge. Amelisahau? Hapana, amemwachia Speciosa kwa makusudi. Mama akanieleza taratibu, kama anavyomweleza mtoto. Ana watoto wawili waliobaki. Mmoja akae na jiwe la chini, mwingine na la juu. Hakuna anayeweza kusaga bila kumtafuta mwenzake. Akasema nimpigie dada yangu simu tu, nimwombe alilete Jumapili ijayo, tusage, tunywe uji pamoja, alirudishe. Akaniwekea simu mkononi.

Nikasema sawa, Mama. Nikatoka nayo nje.

Kumpigia simu Speciosa! Atajua ninalitaka. Mtu akijua unakitaka kitu, ameshakushinda. Na hiyo hadithi ya nusu kwa nusu, naona mkono wa nani umo ndani. Leo nusu ya jiwe, kesho nusu ya Mama.

Mchana nimeshuka hadi mtoni Ruvubu, nimechagua jiwe moja la duara, linajaa kiganjani, punje zimeshonana vizuri kabisa. Ukiliweka kwenye rafu ya Speciosa gizani hata Diana hatambui. Alhamisi dada yangu anashona sare. Nimeshaongea na yule wa bodaboda.

Kwa sasa liko mvunguni. Nice ameuliza la nini. Nimemwambia kitanda kimeanza tena kucheza.